Ukoko kwenye valvu: gari langu lilivyonisumbua miezi minne

Kila asubuhi lilikuwa linaamka kama mzee mwenye kikohozi. Nawasha, linatetemeka, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, taa ya injini inapepesa. Baada ya dakika tatu nne linatulia kama si lenyewe, na nikifika Mwenge liko shwari kabisa. Ndicho kilichonichelewesha. Gari likifika gereji limeshapata moto, fundi anaondoka nalo mzunguko mmoja, anarudi ananiambia mbona zima.

Ni gari la viti vinane, petroli, lita 2, lina kilomita 161,000. Fundi wa kwanza alilipima kwa mashine, ikatoa P0303, yaani silinda ya tatu inamisi, haichomi petroli sawasawa. Tukabadilisha plagi zote nne. Wiki ile ile likarudia. Akasema basi ni koili, ile inayoipa plagi umeme, nikanunua koili. Wapi! Hapo ndipo nilipoanza ulevi wa chupa: dawa ya kusafisha nozeli, yaani vinyunyizio vya petroli, ile ya kumimina kwenye tangi. Nilimaliza chupa tatu, na kila nikimimina najiambia leo afadhali kidogo. Naona haya hata kuandika.

Fundi wa pili, kijana mmoja wa Tabata, aliniomba gari lilale kwake ili aliwashe mwenyewe likiwa la baridi. Kwa hilo tu nikamwamini. Asubuhi akahamisha plagi na koili za silinda ya tatu akaziweka kwenye ya kwanza. Kama tatizo ni koili, namba ingehamia huko. Haikuhama. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, iko sawa. Akanigeukia: "Bro, hiyo dawa uliyokuwa unamimina ilikuwa inatokea wapi?" Nikasema kwenye nozeli. "Na nozeli ya gari hili iko wapi?" Nikakaa kimya.

Injini nyingi tulizozizoea, nozeli imekaa kwenye njia ya hewa. Inanyunyiza petroli mgongoni mwa valvu ya kuingizia, kwa hiyo valvu inaoshwa kila mara injini ikizunguka. Hii yangu ni dairekti injeksheni: nozeli imo ndani ya silinda, na petroli haiigusi ile valvu hata tone. Kinachopita pale ni hewa, pamoja na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka tumboni mwa injini kupitia valvu ya PCV, na moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini na EGR. Valvu ni ya moto, oili inagandia na kukaangika, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo dawa yangu ilikuwa inasafisha nozeli, si uongo, ila uchafu ulikuwa mlango mwingine. Watengenezaji wanalijua hili. Toyota mwaka 2005 walileta D-4S, yenye nozeli mbili kwa kila silinda, moja ndani na moja njiani.

Kufungua manifoldi, mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda, kulikula asubuhi nzima. Kijana akanipa tochi nichungulie. Mashina ya valvu yalikuwa yamenenepa, yamezungukwa na kitu cheusi, kikavu juu na chenye mafuta chini, kama ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Nikaukwaruza kwa ukucha. Haukutikisika. Njia ya silinda ya tatu ndiyo iliyokuwa imeziba zaidi.

Wenye vifaa hupuliza maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa kwa kompresa huku mashine ikifyonza. Sisi hatukuwa nayo, kwa hiyo ikawa kazi ya mkono. Alizungusha injini kwa spana mpaka valvu za kuingizia za silinda moja zikafunga, akamimina dawa kidogo pale juu, akasubiri. Ikibaki, valvu imefunga. Ikipungua, imeachia, na hapo huthubutu kukwangua, maana punje ngumu ikidondoka ndani inaweza kukwaruza ukuta wa silinda. Njia za silinda nyingine aliziziba kwa matambara, akayahesabu kwa sauti: sita. Nusu saa ya kuloweka, kisha kukwangua kwa brashi ya nailoni na vijiti vya mishikaki. Ndiyo, vijiti vya mishikaki, mti hauchuni chuma. Nilitumwa dukani mara mbili kuongeza. Uji mweusi ukafyonzwa, akaloweka tena, akakwangua tena. Valvu nane zilituchukua siku mbili. Kabla ya kufunga akayahesabu matambara tena.

Tuliweka gasketi mpya za manifoldi na PCV mpya, tukasafisha EGR na throtoli (kilango cha hewa), tukamwaga oili. Ufundi ulikuwa 250,000, vifaa karibu 90,000. Plagi, koili na chupa nilizozihangaikia kabla zilikuwa zimenila zaidi ya hapo.

Asubuhi ya kwanza niliwasha nikiwa nimeshikilia usukani kwa nguvu, kwa mazoea tu. Mshale wa resi ulipanda, ukashuka taratibu, ukasimama. Mke wangu akauliza dirishani kama nimeshawasha au bado.

Sasa namwaga oili kila kilomita 5,000, na nikikumbuka namwambia kijana aangalie PCV. Ukoko utarudi, najua, hiyo ndiyo injini yenyewe. Chupa moja ya dawa niliikuta bado imo kwenye buti, nikampa jirani mwenye gari la mwaka 1998. Lake nozeli ziko njiani.