Mbuzi wa Bibi na ile karatasi

Bibi alinipigia simu nikiwa nasubiri daladala pale Majengo, jua la Dodoma limeshika utosi. "Mume wangu, wamemchukua yule mbuzi mwenye mimba." Mgambo wawili walikuwa wamepita na daftari wakidai mchango wa madarasa, shilingi 20,000. Bibi hakukataa kuchanga. Aliomba wasubiri auze alizeti. Wakamfungua mbuzi kambani wakaondoka naye.

Naona aibu kuandika nilichomjibu: "Bibi, achana nao, nitakununulia mwingine." Mimi ndiye msomi wa ukoo, na ushauri wangu wote ulikuwa huo. Akakata simu.

Nilidhani namjua. Mwaka 1971, kwenye Operesheni Dodoma, serikali ilipohamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, alipanda lori na watoto na kinu chake, nyuma akaacha tembe la baba mkwe likibomoka. Hajawahi kulisimulia kwa hasira. Husema tu, "Siku ile hakuna aliyeuliza." Miaka yote nilisikia uvumilivu katika maneno hayo. Kumbe lilikuwa deni.

Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria huitishwa walau kila miezi mitatu, ulikuwa haujafanyika karibu mwaka mzima. Bibi akawakusanya wajane wenzake kumi, wakaenda kukaa barazani kwa mwenyekiti tangu alfajiri. Hawakupiga kelele, wala hawakutukana. Walikuwa wakichambua mlenda (ndiyo, walikwenda na kazi zao) na wakitaka waambiwe tarehe. Kufika saa nane mchana, tarehe ikapatikana.

Siku ya mkutano nilikuwepo, nimesimama nyuma kabisa, karibu na baiskeli. Bibi akauliza: mchango huu ulipitishwa kikao gani, muhtasari uko wapi, na mbuzi wangu ameandikwa ukurasa wa ngapi? Mtendaji akamwambia, "Mama, wewe unapinga maendeleo." Watu wakaguna, mguno mmoja mzito. Muhtasari haukuwepo.

Ibara ya 26 ya Katiba yetu ina sehemu mbili. Ya kwanza inamtaka kila mtu atii Katiba na sheria. Ya pili inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuzilinda. Hotuba nyingi nilizosikia huishia kwenye ya kwanza. Kwangu mpaka uko hapo: anayeamuru akishindwa kuonyesha amri yake imetoka wapi, kumtii ni kumshikia kamba ya mbuzi. Ingawa nani angethubutu kumwambia hivyo mama mwenye watoto juu ya lori, mwaka ule?

Mbuzi alirudi baada ya siku nne, amekonda. Bibi alipouza alizeti alikwenda mwenyewe kulipa ile 20,000, mkutano ukiwa umeshaupitisha mchango, na hakuondoka ofisini bila stakabadhi. Hajui kusoma. Nilipokwenda kumtembelea aliitoa kwenye mkebe wa majani ya chai, akanipa nimsomee. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale penye jina langu."