Lushoto kwa pikipiki kutoka Dar

Mnaopanga Lushoto, achaneni na malori ya Kibaha. Shikeni Barabara ya Bagamoyo, pitieni magofu ya Kaole kabla jua halijawa kali, kisha kateni kwenda Msata mkaingie barabara ya Segera. Ni kama kilomita 350. Kwa 150 cc hesabuni siku nzima, maana vibao vya 50 vijijini havihesabiki na trafiki hawalali.

Kinachoharibu safari nyingi ni cheni. Mafundi wengi wa mtaani huikaza mno. Akipanda abiria na begi juu, inakazika zaidi, inakula spoketi na beringi. Iacheni icheze sentimita 2 hadi 3 katikati ya spoketi mbili. Zungusha gurudumu upime na sehemu nyingine, kwani cheni iliyochoka hairefuki sawasawa: huku imelegea, kule imebana. Upepo pimeni alfajiri, tairi zikiwa baridi. Tyubu, waya wa klachi na plagi ya akiba visikose. Begi zito lisizidi nyuma ya keria, usukani utakuwa mwepesi konani.

Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona. Soni simameni muone maporomoko. Irente, ule mwamba wa kutazamia karibu na Lushoto, iwekeni jioni ya siku ya pili, mtazame kijiji cha Mazinde kule chini.

Kushuka, gia ya pili. Breki za dramu zikichemka hazishiki. Na ule mtindo wa kuzima injini ili kuokoa mafuta, hapana jamani!