Kopo la Rangi Mbili

Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ambako mtu hufika kwa boti itokayo Kibirizi. Ndani ya mtumbwi wake, pamoja na taa, kamba na kisu, kwa miaka mingi kulikuwa na kopo dogo la plastiki lenye vidonge vya antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, ambavyo sote tunaviita rangi mbili. Akipata mafua, alimeza viwili. Akichubuliwa na kamba kiganjani, alifungua kimoja na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda. Tumbo likimsokota alitafuta Flajili, na akiikosa alirudi kwenye kopo lile lile. Sikuwahi kumwona na cheti cha daktari, na mimi niliyesoma kumzidi sikuwahi kumuuliza.

Hapa mjini nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba watu wa namna hii hawana elimu ya afya. Wanaosema hivyo hawajui maana ya giza kwa mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti kitu na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mwezi mzima una usiku wa kuhesabika ambao ndani yake mtu anatakiwa kupata ada ya shule, fedha ya mafuta ya mashine na chakula cha nyumbani. Anayeugua katikati ya giza anaweza kupanda boti kwenda mjini, akalipa nauli, akakaa kwenye foleni ya kumwona daktari, kisha ya vipimo, kisha ya dawa, na kurudi akiwa amepoteza usiku mbili au tatu. Au anaweza kutembea hatua chache kutoka mwaloni hadi duka la dawa, ambako kidonge kimoja kina bei ya andazi moja au mawili. Kama mfukoni ana shilingi 500, atanunua vidonge vya shilingi 500. Dozi inapimwa kwa mfuko, na ugonjwa hauulizwi.

Duka lenyewe si adui. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003, na baadaye ukaenea nchini kwa sababu maalumu: maduka ya dawa baridi yalikuwa yakiuza chini ya meza dawa yasizoruhusiwa kuuza, na serikali ikaona afadhali kuwafundisha wauzaji, kuwasajili na kuwaruhusu kuuza baadhi ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki chache za kawaida, kuliko kuwaacha gizani. Ninauheshimu uamuzi huo. Lakini mtoa dawa anaishi kwa mauzo, na mteja aliyekataliwa hapa atauziwa pale, kisha hatarudi tena hata kwa panadoli. Mama anayeuza dawa kijijini kwa kaka aliwahi kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba akidai cheti kwa kila mteja atafunga duka kabla ya mwezi kuandama.

Mwaka jana, mtoto wa pili wa kaka, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu, alianza kukohoa na kuchemka. Baba yake alikuwa ziwani. Wifi yangu alichukua kidonge kwenye kopo, akakifungua, akaugawa unga kwa macho, nusu asubuhi na nusu jioni, akauchanganya na maji ya sukari. Alifanya hivyo kwa siku mbili. Siku ya pili homa ilishuka kidogo, naye akaacha ili vidonge vilivyobaki visiishe. Siku ya nne mtoto alikuwa akipumua mbiombio huku ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea kila anapovuta hewa. Walifika Kibirizi alfajiri kwa boti iliyobeba dagaa, nami nikawapokea pale ufukweni. Mtoto alikuwa ameacha hata kulia.

Hospitalini alianzishiwa sindano za ampisilini na jentamaisini, ambazo ndizo huanza kutolewa katika nimonia kali ya watoto. Baada ya siku mbili hakukuwa na nafuu, wakambadilishia seftriaksoni. Kwa rehema za Mungu, alipona. Nilimuuliza daktari kama zile nusu za vidonge ndizo zilizofanya dawa za kwanza zishindwe. Alikuwa mkweli: alisema kwa mtoto mmoja hawezi kulithibitisha, kwa kuwa nimonia nyingine husababishwa na virusi na bakteria wengine huwa tayari ni sugu kabla hawajamfikia mgonjwa. Nami sitadai zaidi ya alivyosema. Jambo ambalo halina ubishi ni dozi. Kwa mtoto wa umri ule asiyehitaji kulazwa, mwongozo wa kutibu nimonia ni amoksilini miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 5, tena kwa vidonge maalumu vinavyoyeyuka katika maji. Hata tukichukulia kwamba kidonge cha kaka kilikuwa kweli amoksilini ya miligramu 250, kiasi alichopewa mtoto kwa siku kilikuwa robo ya kile alichohitaji.

Robo ya dozi ina madhara yanayopita kutoponya. Miongoni mwa bakteria walio mwilini wapo wachache wenye uwezo wa kuistahimili dawa. Dawa kidogo huwaua wanyonge na kuwaachia hao nafasi ya kuzaana. Tena bakteria wanaweza kupeana vinasaba vya ustahimilivu huo, hata wakiwa wa aina tofauti, na hawabaki kwa mtu mmoja: huenea kwa mikono, kwa maji, kwa kikohozi na kwa choo. Wataalamu wetu huuita usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA. Kwa mafua, ambayo ni ya virusi, dawa hizi hazina faida yoyote, lakini kazi ya kuwachuja bakteria walio tumboni na kooni huifanya vilevile.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilieleza hili Desemba 1945 katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa kubuni wa mume mwenye maumivu ya koo anayejinunulia penisilini na kutumia isiyotosha. Anamwambukiza mkewe vimelea vilivyokwisha kuzoea dawa, mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini ile ile, naye anafariki. Nilipousoma mfano huo niliiona nyumba ya kaka yangu.

Maana tukizungumzia matumizi holela tunasahau kwamba uhaba unalala nyumba hiyo hiyo. Mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27 duniani, na kati ya kila watano mmoja alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Mzigo mzito zaidi uko Afrika kusini mwa Sahara. Hata hivyo, katika eneo hili hili wapo watoto wanaokufa kwa nimonia ya kawaida ambayo vidonge sahihi vya siku 5 vingeitibu. Baba anameza amoksilini asiyoihitaji, na mwanawe anaikosa ile anayoihitaji. Ndiyo sababu siwezi kuunga mkono wanaotaka dawa hizi zifungiwe kabatini bila kwanza kuuliza ufunguo atakuwa nao nani, na atakuwa wapi saa nane ya usiku.

Wala si maduka peke yake. Siku hizi kipimo cha haraka cha malaria kinapatikana karibu kila zahanati, na hilo ni jema, lakini kikionyesha kwamba mgonjwa hana malaria, mara nyingi huandikiwa antibiotiki ili asiondoke mikono mitupu. Nimewahi kuandikiwa hivyo mimi mwenyewe kwa kikohozi cha siku tatu. Kuna pia wafugaji wa kuku wanaotia unga wa tetrasaiklini kwenye maji ya vifaranga bila kuona dalili yoyote ya ugonjwa. Hilo nitalieleza siku nyingine.

Ninachokitaka ni kidogo na kinawezekana. Mtoa dawa wa kijijini afundishwe kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima: kwa mtoto wa miezi 12 hadi miaka 5, pumzi 40 au zaidi ni dalili ya hatari. Awe na vidonge vya watoto vya dozi kamili, visivyokatwa rejareja, na awe na namba ya mganga wa zahanati ya kumpigia. Mwenye kuharisha maji auziwe ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji ya kunywa, na kama ni mtoto aongezewe zinki, kabla ya kufikiriwa Flajili. Na matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5, ambayo sera yetu inayatamka, yamaanishe kwamba dawa ipo rafuni.

Mbalamwezi iliyopita kaka alikuja mjini na lile kopo. Tulilimwaga juu ya mkeka: vidonge kumi na vitatu, vya rangi tatu tofauti, bila jina wala tarehe. Tulivipeleka kwa mfamasia wa hospitali, akaviangalia, akasema baadhi vinafanana na tetrasaiklini, dawa ambayo mtoto mdogo hapewi kwa kuwa huharibu rangi ya meno yanayoota, lakini hakuweza kuapa. Wifi yangu aliinamisha kichwa, nami nikamshika mkono.

Tulipokuwa tukirudi, kaka aliniuliza: "Sasa nikiugua giza likiwa limeanza, nifanyeje?" Nilimweleza habari za mafua, za kidonda kinachooshwa kwa maji safi na sabuni, za pumzi 40. Alisikiliza kwa makini, akarudia namba ile mara mbili. Kisha akaniuliza kuhusu zahanati yao, ambayo hufungwa saa 9:30 alasiri, na kuhusu hilo sikuwa na la kumjibu.