Kaburi la Kwaresima

Jumatano ya Majivu ya mwaka 2021 ilikuwa tarehe 17 Februari. Siku hiyo hiyo tulisikia vifo viwili vikubwa: Maalim Seif Sharif Hamad kule Zanzibar, na Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Hapa Bagamoyo turubai za misiba zilikuwa zikihama mtaa hadi mtaa. Ugonjwa wa korona tuliuita changamoto ya upumuaji, na tuliutaja kwa sauti ya chini. Mwishoni mwa Januari, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, Rais wa Baraza la Maaskofu, alikuwa ameandika barua ya tahadhari, kwa hiyo kanisani ndoo za maji na sabuni zilirudi mlangoni. Nyumbani tulijifukiza, tukanywa tangawizi na malimao, tukasali rozari.

Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni, na wageni hawakuwepo. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikimuuliza Mungu ananitakia nini. Nilisali kwa bidii, nikitazamia jibu kubwa: chuo, ofisi, safari.

Ijumaa usiku Mama Mwenyekiti wa jumuiya yetu alinipigia simu.

"Mwanangu, mzee wetu amekata roho."

"Pole, Mama. Bwana ametoa."

"Watoto wake wako mbali, hawawahi. Kesho lazima azikwe. Wanaume niliowapigia mmoja anaumwa mgongo, mwingine amesafiri ghafla. Wewe je?"

Marehemu alikuwa seremala. Mabenchi tuliyokalia kanisani alikuwa ameyatengeneza yeye, na siku ya kipaimara changu alinishika bega kama msimamizi wangu. Hata hivyo sikujibu mara moja. Mama yangu ana sukari na presha, na nilikuwa nalala chumba cha jirani na chake. Nikamwambia Mama Mwenyekiti nitampigia.

Usiku ule sikulala. Nilifungua Biblia kwenye Waraka wa Pili kwa Timotheo, "Maana Mungu hakutupa roho ya woga, bali ya nguvu na ya upendo na ya moyo wa kiasi." Mstari huu husemwa sana, na watu wengi huishia kwenye nguvu. Mimi usiku ule nilishikwa na kile kiasi cha mwishoni. Mtume anaviweka vyote pamoja: nguvu za kutoka nyumbani, upendo wa kumwendea maiti asiye na mtu, na akili ya kuvaa barakoa na kunawa ili usimletee mama yako kifo. Nilikuwa nimesikia wahubiri wakisema mwenye imani haogopi kitu. Siamini hivyo. Tobiti wa kwenye Biblia alizika wafu wa kabila lake huku majirani wakimcheka, na alikuwa amekwisha kukimbia mara moja kwa sababu ya kazi hiyo hiyo. Alijua hatari yake, akachimba.

Kisha nikawawaza watu wa ule mnara wa Livingstone wa Misheni yetu. Hadithi yao nilikuwa naisimulia kwa wageni. Daktari Livingstone, mmisionari na mvumbuzi Mskoti, alifia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwezi Mei 1873. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike pale pale. Walikataa. Mbele zaidi wenyeji walikataza maiti kupita kwao, basi Susi na wenzake wakaufunga mwili kama mzigo wa bidhaa, wakajifanya wameurudisha. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, ukalazwa kanisani kwa Mapadri wa Roho Mtakatifu. Hapa wapagazi wakalipwa ujira wao, wakaambiwa basi. Katika wale waliotoka naye Chitambo, aliyesindikiza jeneza hadi Uingereza ni Jacob Wainwright peke yake. Siku ya mazishi London, tarehe 18 Aprili, Susi na Chuma hawakuwepo.

Wageni walipenda kupiga picha mnara. Mimi usiku ule niliwaza miguu ya wale watu. Hakuna aliyewaagiza. Mtu wao alikuwa amekufa mbele yao, na wao ndio waliokuwepo. Nikaona ombi langu la miezi yote lilikuwa limekwisha kujibiwa kwa simu ya Mama Mwenyekiti.

Alfajiri nikamwambia mama. Alikaa kimya, akatengeneza kanga yake.

"Nenda," akasema. "Ukirudi usipite sebuleni. Maji ya kuoga utayakuta nyuma. Na utalala kwenye banda la jiko mpaka nikuambie."

Makaburini nilimkuta katekista na kijana mmoja wa kwaya. Watatu, sururu moja na machepeo mawili. Mchanga wa pwani juu ni laini, unachimba huku unaporomoka. Chini yake tukakuta mawe ya matumbawe. Jua lilipopanda tulikuwa hatujafika hata kiunoni. Katekista alikuwa mtu mzima, akawa anahema nyuma ya barakoa mpaka nikamsihi akae.

Ndipo wakaja majirani wa marehemu, wavuvi na fundi wa majahazi mmoja, wote Waislamu, vitambaa vimefungwa puani.

"Salama hapa? Mbona hamkutuambia?" fundi aliuliza, na alikuwa amekasirika kweli. "Huyu alinichongea usukani wa jahazi. Leteni sururu."

Bagamoyo ndivyo tulivyo. Misiba tunazikana, na hofu ya miezi ile ilikuwa imeanza kutunyang'anya hilo. Walichimba kwa zamu, kila mmoja akipumzika mbali na mwenzake. Saa nane kaburi lilikuwa tayari. Tulishusha jeneza kwa kamba, padri akafupisha sala, mjane akasimama upande wa upepo na binti mmoja. Alitupa udongo wake, kisha akatuita kila mmoja kwa jina, na fundi wa majahazi pia, akasema asante, asante, asante.

Nilioga nyuma ya nyumba. Mama aliniwekea ugali na dagaa kwenye kiti, akasimama mlangoni kuhakikisha nimekula. Nililala bandani majuma mawili. Hatukuugua, wala katekista.

Kabla sijatoka bandani, Mama Mwenyekiti alipiga simu tena: msiba mwingine, jumuiya ya pili. Nilimuuliza kama fundi wa majahazi ameshaambiwa, na kaburi linaanza kuchimbwa saa ngapi.