Klabu ya Vitabu Gerezani: Kumbukumbu ya Wiki ya 11 hadi ya 20

Katika kumbukumbu iliyotangulia nilieleza jinsi tulivyoanza: watu watatu wa kujitolea, ruhusa ya mkuu wa gereza ya kuingia mara moja kwa wiki, chumba chenye mabenchi manne, na masanduku mawili ya vitabu tulivyochangiwa. Tulikuwa na makundi mawili, klabu ya vitabu kwa wanaosoma bila shida, na darasa la kisomo kwa wale ambao bado wanahangaika na herufi. Wiki hizi kumi zimetulazimu kuuvunja ukuta uliokuwa kati ya makundi hayo, na naamini ndilo jambo la maana kuliko yote tuliyofanya tangu mwanzo.

Wiki ya 11. Nilikaa na madaftari ya darasa la kisomo nikakiri kwamba hatusongi mbele. Saa moja na nusu kwa wiki haimtoshi mtu mzima anayejifunza kusoma, kwa sababu silabi alizozishika leo zinakaa siku sita bila kuguswa, na tukirudi tunamkuta karibu palepale tulipomwacha. Kikao kikifutwa, pengo linakuwa la siku 13. Mwezi uliopita kilifutwa mara mbili, mojawapo ikiwa siku ambayo hesabu ya wafungwa haikulingana na milango yote ikabaki imefungwa mpaka jioni. Askari walikuwa wakifanya kazi yao, kwa hiyo mpango wetu ndio uliopaswa kubadilika.

Nilichokitafuta nilikipata katika kazi ya Shannon Trust, shirika la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1997 na mkulima Christopher Morgan, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiandikiana barua na mfungwa wa kifungo cha maisha. Msingi wa utaratibu wao ni mwepesi kuueleza: mfungwa anayejua kusoma humfundisha mwenzake asiyejua, wawili peke yao, kwa dakika 20 hivi, mara tano kwa wiki. Nilipousoma nilielewa kwamba walimu tuliokuwa tunawatafuta nje walikuwa tayari ndani, wameketi katika klabu ya vitabu.

Wiki ya 12. Tuliliwasilisha ombi kwa wanaklabu, na saba wakajitolea. Mkuu wa gereza alikubali kwa masharti mawili ambayo naona ni ya haki: kila jozi itoke katika bweni moja, ili pasiwe na kuzunguka kusiko na ruhusa, na orodha ya majina iwe mikononi mwa afande wa zamu. Sisi tuliongeza ya kwetu. Mwalimu asizidishe dakika 20 hata kama mwanafunzi anataka kuendelea. Asimsahihishe mbele ya watu. Na asimuulize kosa lililomleta, jambo ambalo hata sisi wa kujitolea hatuliulizi kamwe.

Wiki ya 13. Hii nitaikumbuka kwa muda mrefu. Katika darasa letu kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akishika karatasi kwa mkono ulionyooka, akiitazama kwa muda, kisha akitaja neno lolote lililomjia. Kwa wiki zote hizo niliandika katika daftari langu kwamba anakisia. Kijana aliyepangiwa kumfundisha alikaa naye mara mbili tu, kisha akanijia: "Mwalimu, herufi mzee anazijua. Ni macho tu." Alikuwa amemwandikia silabi kwa mkaa sakafuni, kila moja kubwa kama kiganja, na mzee akazisoma zote. Tuliomba ruhusa ya kuingiza miwani ya kusomea yenye fremu ya plastiki, tukaipata, na wiki iliyofuata mzee alikiweka kidole chini ya neno "barua", akalitamka kipande kwa kipande, ba, ru, a, kisha akalirudia kwa mkupuo mmoja. Baada ya hapo tuliwapima macho wanafunzi wote kwa kuwapa maandishi ya ukubwa tofauti, tukagundua wengine wanne wenye shida hiyohiyo. Kwa yeyote anayetaka kuanzisha darasa kama hili, ningemshauri aanze na macho kabla ya herufi.

Wiki ya 14 na ya 15. Tuliacha kitabu cha watoto tulichokuwa tukikitumia. Watu wazima walikuwa wakikivumilia kwa heshima, lakini hakikuwa chao. Hapa nilimrudia Paulo Freire, mwalimu wa Brazili ambaye mwaka 1963 aliongoza kisomo cha vibarua wapatao 300 katika mji wa Angicos kwa saa 40 hivi, akianza na maneno yaliyotoka katika maisha yao wenyewe. (Mwaka uliofuata, baada ya mapinduzi ya kijeshi, Freire mwenyewe alifungwa kwa siku zipatazo 70.) Njia yake inatufaa sana, kwa kuwa neno la Kiswahili hukatika kwa silabi bila ubishi. Tuliwauliza wanafunzi ni maneno gani wanataka kuyajua kwanza, nao wakataja barua, mama, mlango, rufaa na dhamana. Kutoka "rufaa" tulipata ra, re, ri, ro, ru, kisha fa, fe, fi, fo, fu, na kutoka hapo wakaunda maneno yao. Mwanafunzi mmoja alieleza kwamba amewahi kutia dole gumba kwenye karatasi nyingi asizozielewa, na kwamba anataka ile itakayofuata aisome kabla hajaigusa.

Wiki ya 16. Vitabu. Sanduku la tatu lilipokaguliwa, karibu theluthi moja kilirudishwa: vyenye jalada gumu, kwa sababu ndani yake kitu kinaweza kufichwa, vilivyofungwa kwa waya, na vilivyopigiwa mistari kwa kalamu, kwa sababu alama zinaweza kuwa ujumbe. Wachangiaji wakumbushwe mapema. Kinachoombwa zaidi ni kamusi, na tunazo mbili tu. Katika barua ya kuomba rafu ya kudumu nilitaja Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, ambazo katika kanuni ya 64 zinataka kila gereza liwe na maktaba ya wafungwa wa aina zote. Rafu tumepata.

Wiki ya 17. Walimu wawili walihamishiwa gereza jingine bila sisi kujua, na wanafunzi wao wakabaki hawana mtu. Sasa kila mwanafunzi ana daftari lenye tarehe, mahali walipofika na silabi zinazomsumbua, ili mwalimu yeyote aweze kuendelea kuanzia hapo.

Wiki ya 18. Klabu ilisoma mashairi ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 na kuyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Swali la kwanza halikuhusu vina wala mizani, mmoja aliuliza, "Kalamu aliipata wapi?" Walijadili swali hilo kwa nusu saa, kwa uzito ambao sijawahi kuuona katika mjadala wa vitabu huku nje. Wanafunzi wa kisomo waliomba kukaa wasikilize, na tangu siku hiyo hatujawatenganisha tena.

Wiki ya 19. Baadhi ya wanaklabu waliomba barua za kuthibitisha mahudhurio, ili wazitumie kesi zao zitakapopitiwa. Nilifikiri juu ya Brazili, ambako tangu mwaka 2012 magereza ya shirikisho hupunguza siku 4 za kifungo kwa kila kitabu kilichosomwa na kuandikiwa maelezo, mwisho vitabu 12 kwa mwaka, yaani siku 48. Sisi hatuna mamlaka hayo, na sitaki mtu atumaini kitu ambacho hatuwezi kumpa. Tumekubaliana kuandika tarehe za vikao alivyohudhuria, bila neno lolote kuhusu tabia yake.

Wiki ya 20. Jozi zinazoendelea ni sita. Wanafunzi watatu sasa wanasoma aya fupi peke yao, akiwemo mzee wa miwani, ambaye wiki hii aliandika barua yake ya kwanza. Aliniomba nimwangalizie herufi tu, nisimsahihishie maneno. Niliona "ng" ilipopaswa kuwa "ng'", nikamwonyesha, akaiweka alama mwenyewe. Wiki ijayo tunaanza na silabi hizo kwa darasa zima, na nitapeleka ombi la miwani nyingine mbili.