Shamba langu la mwani chini ya tanki la samaki

Hii ilikuwa Novemba 2012, tunakaa Leicester, flati ya ghorofa ya pili, na mie wakati huo nna tanki la matumbawe la lita 240 sebuleni ambalo mke wangu keshaanza kuliita mke mwenziwe. Hakuwa anatania sana. Maji ya chumvi kila Jumamosi, ndoo kwenye korido, na bili ya umeme ndo usiseme.

Na tanki lenyewe lilikuwa halitazamiki. Mawe yote yameota mwani, majani ya kijani marefu kama nywele, ukiyang'oa leo baada ya siku nne yamerudi, na yale matumbawe laini nlonunua vipande vidogo vidogo kwa wafugaji wenzangu yamejikunja, hayafunguki. Nikipima mbolea iliyomo kwenye maji, naitreti inakuja 50, fosfeti 0.5 (miligramu kwa lita), na matumbawe yanataka fosfeti iwe chini mno, pale kwenye 0.03 hivi. Mwenye kosa ni mie maana nlikuwa nalisha samaki kama mtu alisha wageni wa harusi, vibarafu viwili vya kamba wadogo kila siku, na samaki wangu kangaja wa njano (ambae tanki lile lilikuwa dogo kwake, najua, nshalaumiwa vya kutosha) hata umlishe vipi anakutazama kama hajala tangu juzi. Chakula kinaingia, kinyesi kinatoka, kinaoza, na mwisho wake yote ni mbolea. Sasa mbolea ukishaiweka ndani ya maji, juu kuna taa kali, ushangae kuota majani?

Skima ya protini nlikuwa nayo, ya mtumba, ile inayopandisha viputo vidogo vidogo kwenye bomba, uchafu unanasa kwenye viputo unapanda na povu mpaka kwenye kikombe. Inafanya kazi, sikatai, lakini skima inatoa uchafu kabla haujaoza, ukishakuwa naitreti na fosfeti haina habari nao. Na ilikuwa inakoroma usiku kama baba mkwe.

Ndo nkasoma habari za Walter Adey, yule mtafiti wa makumbusho ya Smithsonian kule Washington, aloendesha tanki la matumbawe kwa kutumia mwani wenyewe kama filta. Akili yake nyepesi kabisa: mwani lazima utaota, basi uchagulie mahali pa kuota. Utie wavu wa plastiki mbali na mawe, uumwagie maji membamba kama karatasi yateremke juu yake, uumulike taa kali karibu karibu, mwani utapenda pale kuliko kwenye mawe, utakula mbolea yote, na wewe kazi yako kukwangua na kutupa.

Jioni ile ile nkampigia mamdogo Paje, kwa zile kadi za simu za kukwangua namba. Mamdogo yumo kwenye mwani tangu ulipoanza kulimwa pale mwaka 1989, vigingi, kamba, kuinama kwenye maji ya magotini mpaka mgongo unalia. Nkamueleza. Akanyamaza kidogo.

"Yaani umetoka Unguja, umepanda ndege, umefika Ulaya, unalima mwani ndani ya nyumba?"

"Ni filta mamdogo."

"Na ukishaota unauza wapi?"

"Nautupa."

Alicheka mpaka kadi ikaisha.

Basi Jumamosi nkaingia kazini. Wavu nlinunua ile plastiki ngumu ya matundu wanayofumia wamama nyuzi za mapambo, nkakata sentimita 20 kwa 15. Plastiki ile inateleza, mwani haushiki, kwahiyo lazima uikwaruze pande zote mbili mpaka ukipitisha mkono ikuchome kama ganda la fenesi. Nkatumia tupa ya mbao. Saa nzima. Unga wa plastiki mpaka kwenye sukari, mke wangu akaja akatazama akarudi zake chumbani bila kusema neno, na mnaojua mnajua hiyo ni mbaya kuliko kusemwa.

Halafu paipu. Paipu ya PVC, mwisho wake kifuniko, na chini yake unachana mkato mrefu wa sentimita 20, upana kama milimita 3, wavu unaingia humo ndani unaning'inia, maji yanatoka pande zote mbili. Kwenye maelezo ni sentensi moja. Kwenye meza ya jikoni, na msumeno wa chuma wa pauni nne, paipu ni ya mviringo inazunguka mkononi, mkato wangu ulianza vizuri ukaja kupinda katikati kama barabara ya kijijini. Paipu ya pili nkaifunga kwenye kiti kwa tepu, nkachora mstari kwa rula kwanza, hiyo ikatoka. Wavu nkaufunga kwenye paipu kwa vikamba vya plastiki vile vile ambavyo kwetu wanafungia mbegu za mwani, wanaviita tai-tai. Nlikuwa navyo kwenye sanduku, sijui hata nilivileta kwa nini.

Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye bathi. Pampu imeandikwa lita 1,500 kwa saa, na hesabu nloipata inasema kila sentimita ya upana wa wavu ipate kama lita 53 kwa saa, kwahiyo mie nataka elfu moja na kidogo, nkajiona tajiri wa maji. Nkakinga ndoo ya lita 10 na saa ya simu mkononi. Sekunde 58! Yaani lita 620 tu kwa saa. Ile namba ya kwenye boksi ni pampu ikiwa haipandishi maji juu, ukiipandisha nusu mita na elbo tatu njiani inachoka. Nkatoa elbo mbili, nkaweka mpira wa kunyooka, nkashusha paipu, ndoo ikajaa kwa sekunde 38. Kama 950 hivi. Nkasema bismillah yatosha.

Lakini maji yenyewe yalikuwa yanateremka upande mmoja tu, upande wa pili mkavu. Nkahangaika dakika ishirini nadhani mkato una kasoro, kumbe bathi ndo imelala upande ili maji yaende kwenye shimo. Nkaweka pima maji juu ya paipu, nkaichomekea kipande cha kadibodi, ile pazia ya maji ikakaa sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, nyembamba, haina kelele, wallahi nkamwita mke wangu aje aone. Akaja. Akasema, "Bomba linavuja."

Sanduku nkatumia kontena la plastiki la kuwekea unga, nkalipachika juu ya sampu, lile tanki dogo la chini, na taa mbili za wati 23 zile za mwanga wa njano, moja kila upande, saa 18 kwa siku kwa taima. Hapa msicheze: maji ya chumvi na umeme si ndugu. Nkaweka vioo viwili kati ya taa na wavu, kila waya nkauacha ushuke chini ya soketi kwanza ndo upande, tone likitambaa lidondoke lisiingie kwenye plagi, na yote nkachomeka kwenye ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Pauni kumi. Nkajaribu pia kuzima pampu zote nione maji ya juu yakirudi chini sampu itafurika au la, haikufurika, ilibaki vidole vitatu.

Wiki ya kwanza ukatoka utelezi wa kahawia, kama makamasi. Wiki ya pili ukijani. Wiki ya tatu nkifungua sanduku nakuta zulia, nene, kijani kibichi cha kung'aa, harufu yake ufukwe mtupu, ile harufu ya Paje maji yakitoka nasi watoto tunaenda kutafuta pweza na kijiti. Kitaalamu ilibidi nikwangue baada ya siku saba hadi kumi. Sikukwangua. Sasa ntaukata vipi umependeza vile? Nkawa naupiga picha. Nkawa naamka usiku naenda kuumulika tochi, mtu mzima na watoto wawili.

Usiku mmoja wa wiki ile ya tatu nkaamshwa na kimya. Mwenye tanki anaelewa, nyumba yako ina mlio wake usiku kucha, pampu, maji, skima, ukikatika unafumbua macho kabla hujajua kwa nini. Saa tisa. Nkatia mguu sebuleni, zulia linabwabwaja.

Ikawa hivi: mwani ulipanda mpaka juu ukaingia ndani ya mkato wenyewe. Maji yakakosa pa kushukia, yakatafuta pembeni, yakaruka kama mpira wa bustani ukiuziba kwa kidole, yakapita juu ya ukingo wa sanduku, yakapita kioo, yakafika kwenye taa. Swichi ya pauni kumi ikakata kila kitu. Kama si ile swichi sijui ningekuwa naandika nini leo, na tena kama si ile swichi pampu ingeendelea mpaka sampu ikauke. Zilimwagika lita tano au sita hivi. Lakini pampu ya juu nayo ilikuwa imezima, hita imezima, Novemba hiyo, maji yameshuka mpaka digrii 22 na samaki wamekaa kona moja wananitazama. Nkakausha, nkatoa taa na pampu ya mwani, nkarudisha pampu ya juu na hita, nkakaa chini kwenye kochi mpaka alfajiri na mataulo yote ya nyumba yamelowa.

Asubuhi mama wa flati ya chini akagonga. Mpole, hakupiga kelele. Alinipeleka tu akanionesha dari yake, doa la duara kama sinia ya pilau, na ukingo mweupe wa chumvi. Nlipaka ile dari mwenyewe, mara mbili, maana mara ya kwanza chumvi ilitokeza tena.

Nkampigia mamdogo nikijua nachokifuata. Nkamueleza yote, mkato, mwani, dari ya watu.

"Ulipanda lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Hujavuna hata mara moja?"

"Nlikuwa nautazama tu."

"Unautazama! Mwani unatazamwa?" Sauti ilipanda mpaka nkasogeza simu. "Mtu wa pwani wewe. Mwani ukizidi uzito unakatika kwenye kamba, unakwenda na maji. Sie tukipitisha siku zake bahari inavuna yenyewe, na wewe imekuvunia. Nyie mnasoma makaratasi makubwa makubwa halafu jambo dogo hamliulizi."

Kweli sikuuliza. Nlipima maji kwa sekunde, nkapima paipu kwa pima maji, nkazima umeme kwa makusudi, na majaribio yote yale wavu ulikuwa mtupu, hauna hata jani moja. Kumbe kitu chenyewe nilichojenga ni cha kubeba mwani.

Nkarekebisha mawili. La kwanza, utepe wa plastiki nyeusi upana wa vidole viwili nkaupachika pale juu mwani unapokutana na mkato, pasipate mwanga, pasipo mwanga hauoti. La pili, kila Jumapili baada ya adhuhuri natoa wavu napeleka kwenye sinki, nakwangua kwa kadi ya benki iloisha muda, nasuuza kwa maji baridi ya bomba ili wale wadudu wadogo wanaoutafuna wafe, nabakisha rangi ya kijani ya kuanzia tu. Dakika kumi. Skima nkaizima Januari, nkapata na usingizi. Kufika Februari naitreti ilikuwa 5, fosfeti 0.08, zile nywele za kwenye mawe zimegeuka manjano zinang'oka zenyewe, na tumbawe moja la zambarau ambalo nlishalikatia tamaa likafungua mikono yote.

Mavuno ya mwanzo nlikuwa natupa. Halafu mamdogo akauliza uzito. Nkakamua, nkapima kwenye mizani ya jikoni, gramu 380. Akasema hiyo mbichi, mbichi hainunuliwi, anika. Nkaanika wapi mie, nje theluji. Nkautandaza juu ya rediyeta ya ukumbini kwa siku mbili, nyumba ikanuka kama dau lililopinduliwa, na mke wangu akahamia chumba cha watoto. Nkapima tena.

"Gramu 45, mamdogo."

Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini. "Kwahiyo kilo moja unaipata kwa miezi mitano."

"Kama hivo."

"Na hizo taa, umeme wake analipa nani?"

"Mie."

"Haya baba. Hebu nipe mkeo nizungumze nae."