Faili la kanzidata lilipobadilishwa jina: nilivyorudisha mauzo ya dukani

Ijumaa moja asubuhi, mama mwenye duka la pembejeo za kilimo hapa Makambako, ambaye mimi humsaidia mambo ya kompyuta, alinipigia simu akiwa na wasiwasi mkubwa. Programu yake ya mauzo ilikataa kufunguka ikisema kwamba faili la kanzidata, yaani lile lenye kumbukumbu zote za mauzo, halionekani, na chini ya ujumbe huo kulikuwa na kitufe cha kuanzisha kanzidata mpya. "Nibonyeze, mwanangu?" aliniuliza. Nilimsihi asiguse chochote, kwa sababu humo ndimo yalimokuwa madeni ya wakulima waliochukua mbolea kwa mkopo, na mengi hayakuandikwa mahali pengine.

Nilipofika nilizima kwanza huduma ya kuhifadhi nakala mtandaoni, kisha nikanakili folda nzima kwenye flashi mbili kabla ya kufungua kitu. Faili la mauzo.db halikuwepo. Lilikuwepo jingine, lenye neno mauzo likifuatiwa na jina la kompyuta na tarehe, na pembeni yake mafaili yake ya usaidizi, mauzo.db-wal na mauzo.db-shm, yote mawili kwa majina yake ya zamani.

Chanzo kilieleweka baada ya maswali machache. Alhamisi jioni umeme ulikatika na kompyuta ikazimika programu ikiwa wazi. Programu inapofanya kazi, Windows hairuhusu faili iliyolishikilia libadilishwe jina. Lakini kompyuta ilipowashwa asubuhi, huduma ile ya nakala iliwahi kuamka, ikaona faili la dukani linatofautiana na nakala ya mtandaoni, ikalipa jina jingine ili ishushe nakala yake ya zamani. Bando lilikwisha kabla nakala hiyo haijashuka, na hiyo ilikuwa bahati yetu.

Nilipolifungua lile faili lenye jina jipya, kwenye nakala ya flashi, mauzo yaliishia Jumanne mchana. Mama aliposhika kichwa nilimwomba asubiri. Programu hii hutumia SQLite, mfumo unaoweka kanzidata nzima katika faili moja. Kanzidata za SQLite zilizowekwa katika mtindo wa WAL (kuandika kwanza pembeni) haziandiki mabadiliko moja kwa moja kwenye faili kuu, bali huyalimbikiza kwanza katika faili la -wal na kuyahamisha linapofikia vipande 1,000 hivi vya data, viitwavyo kurasa, au programu inapofungwa vizuri. Programu ya duka hili haikuwa imefungwa tangu Jumanne mchana. Faili kuu na la -wal hutambuana kwa jina tu, kwa hiyo moja likibadilishwa jina, jingine huachwa likiwa na kazi ya siku nzima ndani yake.

Nililipima faili la -wal: baiti 2,521,472. Ukiondoa 32 za kichwa chake, kisha ukagawa kwa 4,120, yaani ukurasa wa baiti 4,096 pamoja na 24 za utambulisho wake, unapata 612 kamili bila baki. Hapo moyo wangu ulitulia, maana urefu huo ulionyesha kwamba faili halikukatikia njiani.

Katika nakala nyingine, ambayo nilikuwa sijaifungua hata mara moja, nilirudisha jina la mauzo.db kwenye faili kuu, nikaliacha la -wal pembeni yake, kisha nikafungua. Mauzo yalifika Alhamisi saa 12 jioni. Amri ya integrity_check, inayokagua uzima wa kanzidata, ilijibu "ok", lakini sikutosheka na hilo. Tulikaa na mama tukalinganisha jumla ya kila siku na ripoti za Z, yaani za jumla ya mauzo ya siku, za mashine ya EFD ya kutoa risiti za kodi, na za Jumatano zikalingana hadi shilingi. Ndipo nilipohamisha yote kwenye faili kuu kwa wal_checkpoint na kulirudisha dukani.

Kile kitufe cha kanzidata mpya kingetuangamiza, kwa sababu kingeleta faili kuu tupu, na SQLite ikikuta faili kuu ni tupu, hulifuta la -wal lililo pembeni yake.

Sasa kanzidata inakaa nje ya folda ya huduma ile. Kila usiku amri ya VACUUM INTO hutengeneza nakala moja iliyokamilika, yenye tarehe katika jina lake, na nakala hiyo pekee ndiyo inayopandishwa mtandaoni. Mama naye huifunga programu kila anapofunga duka.